Kima, Papa na Punda wa Dobi: niliyojifunza kwa wachoraji wa karne ya 13

Mwaka 1237, Yahya ibn Mahmud al-Wasiti, mtu wa mji wa Wasit huko Iraq, alikamilisha nakala ya Maqamat ya al-Hariri, kitabu cha visa vya Kiarabu, aliyoinakili na kuichora kwa mkono wake mwenyewe. Ina picha 99. Leo iko katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris, na kurasa zake zimewekwa kwenye intaneti, kwa hiyo mtu wa Malindi mwenye bando anaweza kuzitazama usiku kucha kama nilivyozitazama mimi. Kati ya picha hizo, mbili zimenifundisha kuchora kuliko mwalimu yeyote niliyepata kukaa mbele yake.

Moja ni ya jahazi katika safari ya Oman. Limejaa watu, wengine wanachungulia kwenye matundu ya ubavuni, na mbao zake zimeshonwa kwa kamba. Mchoraji hakuacha mshono hata mmoja. Mtu wa pwani haambiwi hicho ni chombo gani. Vyombo vya kushonwa vilivuka bahari hii kwa karne nyingi, na mtepe wa visiwa vya Lamu ulikuwa ukionekana majini hata karne ya 20 ilipoingia.

Nyingine ni ya kisiwa. Miti imeota ukingoni mwa maji, makima wamekaa matawini, na chini yao samaki wanaonekana wazima ndani ya bahari. Pembeni wapo viumbe wawili wenye vichwa vya binadamu, mmoja mwili wa ndege, mwingine mwili wa mnyama wa miguu minne. Nilipoiona mara ya kwanza sikuwaangalia hata hao wawili. Macho yangu yalikwama kwa wale makima juu ya miti na samaki chini yao, kwa sababu hapo ndipo inapoanzia hadithi aliyotuhadithia nyanya. Paukwa! Pakawa. Palikuwa na mkuyu mkubwa kando ya kilindi, na juu yake kima.

Wengi mnaijua. Kima anakula kuyu, anamtupia papa naye, urafiki unakolea, papa anamwalika kwao na kumbeba mgongoni. Katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wao hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu, mbona hukuniambia mapema? Sisi tukitoka nyumbani mioyo yetu huiacha mitini. Papa anamrudisha, kima anaruka tawini, basi. Papa akimwita ashuke, yeye anamjibu kwa kisa kingine kabisa, kile cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio.

Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliichapisha pamoja na hadithi nyingine za Unguja mwaka 1870. Lakini safari yake ni ndefu kuliko kitabu hicho. Huko India, katika Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi za wanyama, anayemlaghai kima ni mnyama wa majini wa jamii ya mamba. Ibn al-Muqaffa alipoiandika kwa Kiarabu karne ya 8 katika Kalila wa Dimna, akitoa kwenye tafsiri ya Kiajemi, mnyama huyo alikuwa kasa. Ilipotua kwetu akawa papa, maana kwa mtoto wa pwani ukitaka kumtia hofu ya bahari humtajii kasa. Kalila wa Dimna ni miongoni mwa vitabu vilivyochorwa sana katika ulimwengu wa Kiislamu wa zama za kati, na Ibn al-Muqaffa mwenyewe anasema katika utangulizi wake kwamba picha za wanyama zimewekwa ili mioyo ya wafalme ipate burudani. Maana yake hadithi ya nyanya ilikuwa na picha miaka mia saba iliyopita. Sisi tuliipokea kwa masikio tu.

Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuichora kwa ajili ya kitabu cha watoto, sikutaka kima wa katuni mwenye fulana na kofia. Nilitaka kuirudishia hadithi picha zake, kwa sanaa iliyokuwa ikitumika wakati Malindi na Gede ni miji ya mawe yenye watu wake. Yanayofuata ni niliyoyaokota katika kazi hiyo, na nayasema kwa wenzangu wanaochora wanyama wa hadithi, hasa vijana wanaodhani sanaa ya kale ni mapambo tu.

Wengi wakisikia "picha za zamani" hukimbilia dhahabu, maua ya pembezoni na herufi za kupinda. Wengine huzicheka. Kila siku naona mitandaoni picha za paka na simba wa vitabu vya Ulaya ya kati zikizungushwa ili watu wachekelee jinsi wachoraji wale walivyokuwa hawajui. Hilo linaniumiza, kwa sababu si kweli. Mtawa aliyechora simba Uingereza bila kumwona simba alikuwa akichora maneno ya kitabu kilichokuwa mezani kwake. Vitabu hivyo vya wanyama vilisema tembo hana viungo magotini, kwamba hulala ameegemea mti, na mwindaji akiukata mti nusu tembo huanguka asiweze kuinuka. Basi akachorwa na miguu iliyonyooka kama nguzo. Lakini mwaka 1255 mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alimpa Henry wa 3 wa Uingereza tembo mzima, akawekwa kwenye ngome ya London. Matthew Paris, mtawa wa St Albans, alimtazama kwa macho yake akamchora. Tembo wake ana magoti. Pembeni akamchora mtunzaji wake, ili msomaji apime ukubwa wa mnyama kwa kimo cha mtu. Mnyama alipopatikana, mchoraji aliyaamini macho yake kuliko kitabu.

Nami nikaenda kumtafuta kima. Sikuwa na haja ya kwenda mbali. Magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, yamezungukwa na msitu, na msitu huo ni wa makima. Wanakaa juu ya kuta za kasri, wanapita juu ya misikiti, wanashuka mpaka miguuni pa wageni. Mji wenyewe uliachwa na watu karne ya 17, na hao ndio wanaozitembelea nyumba zake kila asubuhi. Nilikuwa nikikaa kwenye kizingiti cha nyumba moja nikiwa na daftari, nikimsubiri mmoja atulie.

Kima wa Gede ana koo jeupe, nywele za usoni zimesimama juu ya nyusi, mikono na miguu myeusi, mgongo wa kijivu unaoingia rangi ya kutu kuelekea mkiani. Mkia ni mrefu kuliko mwili, akikaa ukutani unaning'inia wima. Hayo utayapata kwenye picha yoyote. Ambacho picha haikupi ni mashavu. Kima akipata chakula hakili pale pale. Anakisukumia shavuni, kingine shavuni, mpaka uso unavimba upande mmoja, kisha anakwenda juu ya mti ambako hakuna wa kumnyang'anya, anakitoa kidogo kidogo anakula. Tena wakati anakusanya hakutazami. Anatazama kando, kama mtu asiye na haja na wewe, na huku mkono unafanya kazi.

Pale pale niliijua picha ya katikati ya kitabu, ile ya uongo. Huyu ni mnyama ambaye kitu chake cha thamani hakiachi mikononi, hukiweka mahali na kukirudia baadaye. Akisema moyo wake ameuacha mtini, papa atakosaje kumwamini? Nikamchora juu ya mgongo wa papa, kilindini, shavu la kushoto limevimba, macho yametazama kando, na mkono mmoja umeinuliwa na kidole cha shahada kimenyooka.

Mkono huo niliuchukua kwa al-Wasiti. Watu wake karibu wote wanazungumza, na midomo yao imefungwa. Maneno yako mikononi: kiganja kilichofunguliwa mbele, kidole kilichoinuliwa, mkono uliopelekwa kidevuni. Anayesikiliza mwili wake unarudi nyuma kidogo au unainama. Watoto wa pwani wanalielewa hilo bila kufundishwa, maana wamekulia kwenye baraza ambako mzee mmoja akisema "hapana" hasemi kwa mdomo.

Papa ndiye aliyenitaabisha. Hana mkono, hana nyusi, mdomo uko chini ya kichwa. Utamfanyaje msemaji? Nilikwenda bandarini wavuvi wanapotua, nikamkuta mzee akipasua papa wadogo kwa ajili ya ng'onda. Akaniambia, "Mwanangu, mshike kuanzia kichwani kwenda mkiani, hivyo hivyo. Ukimrudia atakukwaruza." Nikampitisha kiganja mbele, ngozi ikateleza. Nikarudisha mkono taratibu, ikanikamata. Mnyama mmoja, upande mmoja laini na upande mwingine anakwaruza, na vyote viwili ni ngozi ile ile. Sikujua namna ya kuliweka hilo kwenye karatasi mpaka nilipoacha kumpaka papa rangi kwa brashi, nikamjenga mwili mzima kwa vijistari vidogo vya kalamu, vyote vimelala kuelekea mkiani. Kwenye kurasa za urafiki kima amekaa vistari vikilala. Kwenye ukurasa wa kurudi mtini, anapomkimbilia tawi, nyayo zake zinakwenda kinyume cha vistari. Sikutia maelezo yoyote. Atakayeona ataona.

Kuhusu kusema, nilimpa papa jicho. Jicho la papa liko ubavuni na halimwoni aliyempanda. Mimi nililigeuza likatazama juu, nyuma, kwa kima. Hicho ndicho kitu kimoja tu kwa papa wangu ambacho si cha papa. Matundu ya mashavu ni matano kila upande, pezi liko mahali pake, mkia una ncha ya juu ndefu kuliko ya chini.

Hapo ndipo nilipowarudia wale viumbe wawili wa kisiwani niliokuwa nimewapita, wenye vichwa vya watu. Nikakuza picha mpaka mwisho. Mwili wa yule ndege ni wa ndege. Mbawa zimepangwa, miguu ni ya ndege, mkia ni mkia. Kichwa nacho ni kichwa cha mtu wa kawaida, hakijatishwa wala kupindwa. Ajabu yote iko shingoni, pale vitu viwili vya kweli vinapokutana. Nimeliamini jambo hilo kiasi kwamba limekuwa kanuni yangu: kila kiumbe nampa mahali pamoja pa kuvuka maumbile, na kwingine kote ni lazima awe wa kweli kiasi cha kuwatosha wavuvi na wafugaji. Ukivunja kila mahali, mtoto haoni ajabu, anaona fujo.

Ngamia wa al-Wasiti walinifundisha kitu kingine, kidogo lakini cha kazi. Ana ukurasa wenye kundi la ngamia na mchungaji wao. Wamebanana hata huwezi kusema kwa haraka mguu upi ni wa nani, lakini shingo zinapanda moja baada ya nyingine, zikipishana, na mmoja ameinamisha kichwa chini kula. Huyo mmoja ndiye anayewapa wengine uhai. Tangu hapo nikichora kundi, lazima awepo asiyefanya wanachofanya wenzake.

Nyuma ya wanyama sikuweka kitu. Nakala za kale za Kalila wa Dimna zina ukanda mwembamba wa majani chini, mti mmoja au miwili, na karatasi tupu. Mhariri aliniomba machweo, minazi na mashua kwa mbali. Nilimwonyesha kurasa mbili, moja ina machweo, nyingine mkuyu na maji tu, nikamwomba awaulize watoto wake hadithi imefika wapi. Kwenye ukurasa mtupu walijibu bila kusita. Akaniachia.

Rangi nilizitafuta madukani kwetu, maana wachoraji wale nao walichanganya kilichofika sokoni kwao. Ulaya buluu ya fahari ilitokana na jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na bei yake ilikuwa bei ya safari hiyo. Wino wangu ni masizi ya koroboi na gundi ya mgunga, mchanganyiko wa zamani sana wa wanakili wa Kiarabu, na hata wa chuoni kwetu enzi za kuandikia mbao. Nyekundu ni ngeu, ile ile ya seremala ya kupigia mstari. Manjano ni zafarani, ambayo watu wa pwani wanajua kwamba ni wino, maana ndiyo inayoandikiwa kombe, zile aya za sahanini zinazooshwa kwa maji ya kunywa. Inang'aa ikiwa mbichi lakini jua linaipausha, kwa hiyo ukiitumia, skani ukurasa mapema na asili uiweke gizani. Buluu nilichukua nili ya kufulia, nikaitia gundi. Ilinipendeza kwamba bahari ya kima na nguo za dobi zimetoka kwenye pakiti moja. Kalamu ni ya tete, niliyoichonga kwa kisu, na usiihurumie: ikilainika ncha, kata tena.

Kisa cha punda nilikipa kurasa chache lakini ndizo nilizozipenda kuliko zote. Simba ni mgonjwa, anamtuma sungura amletee punda. Punda anakuja, simba anamrukia, punda anaponyoka. Sungura anamwendea tena kwa maneno matamu, na punda anarudi. Safari hii hatoki. Simba akitafuta moyo na masikio, sungura amekwisha kuvila. Anamwambia simba, punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo angerudi?

Kila mtu anayechora punda huchora masikio marefu akamaliza. Simama karibu na punda uone. Kila sikio linazunguka peke yake. Moja linaweza kuwa mbele, jingine limegeukia nyuma kwa mtu anayepita, na punda hajatikisa kichwa. Ni mnyama asikiaye kuliko tunavyomdhania. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza masikio ya punda wa dobi yanafanya kazi, moja kwa sungura, moja kwenye kichaka alikojificha simba. Kwenye ukurasa wa pili yote mawili yamemgeukia sungura. Kichaka hakina wa kukisikiliza. Huo ndio msiba wake, na nimeuona kwa watu niliowapenda, wenye masikio mazuri kabisa, walioyageuza yote upande mmoja.

Kitabu kilipokuwa bado makaratasi, niliwasomea watoto wa mtaani kwetu barazani. Kwenye ukurasa wa kilindini binti mmoja alikiweka kidole kwenye shavu la kima lililovimba, akawaambia wenzake: "Moyo wenyewe huu hapa, ameuficha mdomoni." Wakabishana mpaka adhana ya alasiri, kama moyo uko mtini, kifuani au shavuni. Mimi shavu nilikuwa nimelichora kwa sababu ya makima wa Gede tu. Yeye aliiona hila ambayo hadithi haikuitaja, akaipata kwenye umbo la kweli la mnyama.

Sasa niko kwenye kazi nyingine, ya twiga. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea Yongle, mfalme wa China, twiga ambaye wanahistoria wengi wanaamini alitoka pwani yetu, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi wakapeleka wao wenyewe mwingine. Wachina walimpokea kama qilin, mnyama wa heri wa masimulizi yao ambaye huonekana zama za utawala mwema. Picha ya yule wa 1414, yenye utenzi wa Shen Du, imeacha nakala zinazotazamwa hadi leo. Humo hana mwali wa moto wala magamba ya qilin wa hadithi. Ni twiga, na madoa yake yamepangwa pembe kwa pembe kwa subira kubwa. Ajabu imewekwa kwenye maandishi ya juu, mwili umeachwa kuwa mwili. Na kama kwa tembo wa Matthew Paris, yuko mtu pembeni, ameshika kamba.

Mimi namchora yule wa pili, siku anapoondoka Malindi. Twiga sina wasiwasi naye, nimemtazama vya kutosha. Chombo nitakishona mbao kwa mbao. Kinachonichukua muda ni mshika kamba, kwa sababu hakuna aliyemchora, wala jina lake halikuandikwa popote. Nimekwisha kumpa kilemba na shuka ya kiunoni, na mkono mmoja uko juu shingoni mwa mnyama, kiganja kimefunguliwa. Anamsemesha. Nataka twiga awe amegeuza sikio moja kwake na jingine baharini.